Chuma Tulichokila

Ubavu wake haufiki urefu wa kidole cha shahada.
Mpini wa mzeituni, umekolea jasho,
msumari wa shaba kiunoni, na ule mlio, tik,
kama ulimi wa mtu aliyetaka kusema jambo
akaghairi.

Belarmino alikinunua Palaçoulo, siku ya gulio,
mwaka ule mvua ya mawe ilipopukutisha lozi zote.
Alikuwa tarishi. Alitaka cha kukatia kamba za vifurushi,
basi.
Kuna msemo: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Yeye alikula mapea.

Kisha siku zikaanza kukituma.
Kilifungua barua, na si zake:
za wale wasiojua kusoma, waliomwambia langoni,
fungua basi, tusomee, mtoto yuko Luksemburgi,
anapaka rangi madaraja, anasema kuna baridi.
Kilimenya pea, ganda likashuka mkufu mmoja,
na Deolinda akiliangalia: likikatika, kesho mvua.
(Halikuwahi kusema kweli.)
Kilipitishwa kwenye ndimi za kiberiti
kikaingia kisigino cha Zulmira, wa miaka sita,
kikatoka na mwiba, na kilio, na pipi ya kubembelezea.
Kilikaza skrubu ya miwani ya padri
mazishi yakiwa katikati, jeneza likisubiri.
Kilipasua kijiti cha mlozi, kikakioza kwa mti mwingine,
na mti ule unazaa mpaka leo, hauulizi wazazi.
Tope la soli. Ncha ya penseli. Soseji, jibini,
mkate mweusi ulioegemezwa kifuani, ukikatwa kuelekea moyo,
hata wageni wakafumba macho.

Hayo yote juu ya meza.
Meza: neno hilo wao nao wanalo,
lilisafiri hadi kwetu bila stempu.

Jumamosi jioni alikaa kizingitini.
Jiwe la kizingiti ndilo lililokuwa kinoo,
mate mawili, matatu, kwenda na kurudi,
mpaka jiwe likafanya bonde
na ubavu ukafanya kiuno.
Miaka arobaini na mmoja.
Hakuna aliyeona kikipungua,
kama usivyoona mumeo akipungua
unapolala naye kila usiku.

Sasa suruali yake imo beseni,
na Deolinda, mkono mfukoni,
amekuta chembe za mkate, risiti iliyofutika,
na hicho.

"Kisu gani hiki, mama?" Zulmira anauliza.
Amekuja na basi la usiku, ana likizo ya siku nne.
"Kimebaki kama jani la mwanzi.
Hicho chuma kingine kimekwenda wapi?"

"Tumekila," anasema mama, akikamua.
"Kidogo kidogo. Kwenye jibini. Kwenye mapea.
Wewe umekila zaidi, ulipenda vipande vyembamba."

Zulmira anajitazama kiganja,
pale damu inapopita kwa chini, ya samawati.

"Kichukue. Lakini nipe sarafu.
Kisu hakipewi mtu bure, kitakata undugu."
Zulmira hana sarafu. Nani siku hizi ana sarafu?
Ana kadi. Ana simu. Anapekua mkoba mpaka chini,
anaibuka na kile kisahani cha plastiki chekundu
cha kufungulia toroli la dukani.
Deolinda anakigeuza. Anakiuma kwa jino lake la pembeni.
"Haya," anasema, anakitia kifuani,
kwenye gauni jeusi, la wiki mbili sasa.

Mshono wa mkono wa gauni hilo umeachia,
uzi umening'inia, unachezacheza juu ya maji.

"Tulia, mama," anasema Zulmira. "Usisogee."

Tik.